Bunduki ya Mzee Salehe Haikoki

Vijana wa karakana, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau. Nimestaafu kwa hiari mwezi uliopita, akili bado ipo, na muda sasa ninao kuliko ninavyojua kuutumia. Sitaandika vyeo, maana nilivyopata havijazi mstari, wala mshahara, maana mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika juu ya bunduki za upepo, ingawa zilikuwa sehemu ndogo ya shughuli zetu. Pampu, jenereta na mashine za kutotolea vifaranga ndizo zilizotushughulisha kila siku. Lakini bunduki ndizo mnazoniuliza kila mnaponipigia simu, na ugonjwa mnaoulizia ni ule ule: haikoki.

Nilifika shamba la kuku Mapinga nikiwa najua kutengeneza baiskeli tu. Wakati huo ukisimama kwenye lango la shamba ulikuwa unaona mikorosho na vichaka mpaka barabarani. Leo unaona kuta za matofali na vibao vya viwanja vinavyouzwa. Aliyenipokea ni Fundi Ndunguru, mtu wa Songea, mwembamba, aliyevaa koti la bluu hata kwenye joto la Januari. Hakuniuliza cheti. Alinipa bunduki ya kuvunja mtutu, yaani inayokunjwa katikati ili kuikoki, akaniambia, “Hii wamesema haikoki. Niambie kwa nini, na usiiguse.”

Niliitazama mpaka macho yakaniuma. Nikataja kutu, nikataja springi iliyokatika, nikataja kila neno la ufundi nililowahi kulisikia. Aliponichoka aliichukua, akaielekeza kwenye gunia la mchanga, akavuta kifyatulio. Ikalia pa, na gunia likatoa vumbi.

“Haikoki kwa sababu imeshakokiwa,” akasema. “Na ina risasi ndani. Ungeifungua hapo ulipo, sasa hivi tungekuwa tunatafuta vidole vyako chini ya meza.”

Ndivyo siku yangu ya kwanza ilivyokuwa. Tangu hapo, kila bunduki iliyoletwa mezani kwangu niliidhania imekokiwa na ina risasi mpaka ithibitishe vinginevyo, na vidole vyangu ninavyo vyote.

Kwa wageni waliojiunga karibuni, nieleze kwa nini shamba la kuku lina bunduki. Ni kunguru. Kunguru wa pwani hii hula mayai, huchukua vifaranga, na hupasua magunia ya chakula kwa kujifurahisha tu. Sumu haiwezekani karibu na kuku, na mitego waliizoea. Kwa hiyo tangu zamani shamba limekuwa na walinzi wa mabandani wenye bunduki za upepo, zinazomilikiwa kwa kibali, ambao kazi yao ni kutembea kati ya mabanda na kuonekana.

Bunduki yenyewe ni kitu chepesi kukielewa. Ndani kuna bomba, ndani ya bomba kuna pistoni, nyuma ya pistoni kuna springi nene. Unapouvunja mtutu kuelekea chini, mkono wa chuma unaisukuma pistoni nyuma, springi inajikunja, na ndoano ndogo inaikamata. Ukivuta kifyatulio ndoano inaachia, springi inaruka, pistoni inaukandamiza upepo, na upepo unaitoa risasi. Basi. Nilijifunza hayo kwa Ndunguru na kwa kitabu cha Kijerumani alichokuwa nacho, ambacho hakuna kati yetu aliyeweza kukisoma. Tulifuata michoro. Palipokuwa na maneno mengi na mchoro mdogo, tulijua pana hatari.

Utaratibu wa kuikagua ndio niliowaachia ubaoni. Kwanza, je, imekokiwa tayari? Pili, je, mtutu unavunjika bila kukwama? Hapa pwani pini ya kiungo hushika kutu kwa chumvi ya hewa, na watu hudhani springi imekufa kumbe kiungo ndicho kimeganda. Tatu, je, mkono wa chuma unakwenda mpaka mwisho? Ukiishia katikati, kuna kipande cha springi kimekatika na kulala njiani. Nne, je, ndoano inakamata? Ukifika mwisho na pistoni ikarudi na mkono wako, ndoano imelika. Ni baada ya hayo manne tu ndipo unafungua, tena kwa kile kibanio tulichokitengeneza kwa jeki ya gari, maana springi hiyo ikikuponyoka haikuombi radhi.

Kesi nyingi zilikuwa za kawaida. Nyigu waliojenga udongo ndani ya mtutu. Mlinzi aliyeitumia bunduki kama wenzo wa kunyanyulia tairi la mkokoteni. Iliyonisumbua sana enzi za ujana ni bunduki moja iliyokuwa haikoki asubuhi na inakoki mchana, na ilikuwa hivyo miezi ya kipupwe peke yake. Niliifungua na kuifunga mpaka skrubu zikalegea. Ndunguru ndiye aliyeinusa. Mlinzi alikuwa anaipaka mafuta ya nazi, yaleyale ya kichwani, na asubuhi za baridi mafuta yaliganda kwenye ndoano kama yanavyoganda kwenye chupa. Jua likipanda yanayeyuka, na bunduki inapona. Mlinzi aliposikia alikasirika. Akasema mafuta yale mke wake ameyakamua mwenyewe, na kwamba hata bunduki ya mkoloni ingeyakubali.

Jambo moja Ndunguru alilirudia kila tulipokwama. Alisema kitu kilichokuwa kinafanya kazi hakiachi bila sababu, kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi uliza kilichobadilika. Kimebadilika nini, lini, na nani alikuwepo. Baadaye kifua kilimzidi, akarudi kwao Songea, na habari za msiba wake tulizipata maziko yakiwa yameshafanyika na matanga yameisha. Bisibisi zake mnazitumia mpaka leo. Ile yenye mpini wa mti msimpe mtu.

Sasa Mzee Salehe.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Bagamoyo mjini, wa ukoo uliokuwa na duka enzi za wazee wake, na alikuja shambani akiwa tayari na mvi. Alikuwa mlinzi wa mabandani kwa miaka mingi kuliko nilivyokuwa fundi. Alitembea polepole, bunduki begani, kofia ya kiua kichwani, na kunguru walimjua. Simaanishi waliijua bunduki. Walimjua yeye, uso wake. Akienda dukani bila bunduki walimfuata juu kwa juu wakimzomea. Ijumaa alikuwa akibadili kofia na kupita njia ya nyuma kwenda msikitini, na bado walimpata. Wenzake wakikaa barazani baada ya swala walimwambia, “Salehe, wafiwa wako wamefika.” Yeye alijibu kwamba angalau yeye ana wa kumlilia.

Alikuwa analenga vizuri na hakupenda kuua. Alisema kunguru mmoja akifa barabara, kwa risasi moja, wengine hukaa mbali siku nyingi, na hivyo wanapona wengi. Niliiamini hesabu yake kwa sababu mabanda yake ndiyo yaliyokuwa yakipoteza vifaranga wachache zaidi.

Alikaa kwenye chumba cha shamba, nyuma ya stoo ya chakula. Kiwanja cha familia, kilichokuwa ng'ambo ya barabara, ndugu zake walikiuza mapema kwa watu wa mjini, na mgawo wake uliishia kwenye matibabu ya mkewe, ambaye hakupona. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa mshahara wake, na pia paa lake. Mkiyashika hayo mtaelewa yanayofuata.

Mwaka wa kisa hiki, kabla ya masika, nilimfungia springi mpya kama ilivyokuwa kawaida. Mvua zilipokwisha, akaja karakana na bunduki imefunikwa kwa kanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii imeanza ukaidi. Haikoki.”

Nikafuata ubao. Haikuwa imekokiwa. Kiungo kilikuwa laini. Nikauvunja mtutu, ukashuka, ndoano ikakamata. Nikafyatua, nikarudia. Ilikoki kila mara. Nikampa, akaipokea bila kunitazama na kusema labda ni unyevu. Siku chache baadaye alirudi, maneno yaleyale. Wakati huu meneja alikuwa ameshasikia. Alikuwa meneja mpya, kijana mwenye adabu, aliyetaka kila kitu kiwe na jibu. Alinipigia simu akasema vifaranga wanaibwa mchana kweupe, na anataka kujua kitu kimoja tu: ni bunduki, au ni mtu? Kama ni bunduki itanunuliwa nyingine. Hakumalizia upande wa pili.

Nikaifungua. Springi niliyoitoa iliniacha mdomo wazi. Ilikuwa mpya juzi, na sasa imefupika, na ukiilaza mezani imepinda kidogo kama mgongo wa mtu anayeumwa tumbo. Springi haiwi hivyo kwa kufyatuliwa. Inakuwa hivyo kwa kuachwa imekokiwa saa nyingi, siku baada ya siku. Lakini Mzee Salehe alikuwa mtu wa kuwakemea wenziwe kwa kosa hilohilo. Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Springi iliyochoka ni rahisi kuikoki kuliko mpya. Bunduki iliyokuwa inalalamikiwa kuwa ngumu ilikuwa laini kuliko zote shambani.

Nilikaa nayo mchana kutwa. Majibu mawili yanayopingana mara nyingi yana mtu katikati yake. Nikajiuliza swali la Ndunguru: kimebadilika nini? Hewa haikubadilika, bunduki ilikuwa ileile, na mabanda yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba Tatu, dada mmoja mwokota mayai wa banda la kwanza, alikuwa amehamishiwa kwenye mashine za kutotolea, wiki ileile malalamiko yalipoanza.

Tatu alikuwa mwanamke wa Makurunge, mrefu, mwenye mikono ya kubeba magunia na mdomo wa kumshinda kila mtu. Nilimkuta anageuza trei za mayai. Nilipotaja bunduki ya mzee, aliacha utani wote.

“Kaka fundi, nani amekutuma?”

Nikamwambia hakuna, ila springi.

“Springi inasema?”

“Inasema kuna mtu alikuwa anaikoki asubuhi na kuiacha.”

Akaendelea kugeuza trei. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba bega la kulia la mzee lilikufa tangu mwaka uliopita. Hakuna aliyeambiwa. Yeye aligundua siku moja alipomkuta nyuma ya banda ameubana mtutu kwa magoti, jasho linamtoka, anahangaika kama mtu anayechinja mbuzi peke yake. Hakusema kitu, naye mzee hakusema kitu. Kesho yake Tatu alifika mapema, akaikuta bunduki imeegemezwa kwenye magunia ya pumba, akaikoki, akafunga kilinzi cha kifyatulio, akairudisha palepale. Mzee akaja, akaichukua, akaenda zake. Ikawa hivyo kila siku. Risasi moja kwa siku ndiyo aliyokuwa nayo, na aliitunza mpaka aione haja yake.

“Hamkuwahi kuzungumza?” nikauliza.

“Tuzungumze nini? Nimwambie babu wa watu hawezi? Alikuwa ananiletea vitumbua kila Jumamosi. Anasema, Tatu, leo vimebaki. Vinabaki kila Jumamosi, tena vya moto.”

Nimewahi kutatua mengi, lakini sijawahi kupata jibu nisilolitaka kama lile. Hitilafu nilikuwa nimeshaipata. Haikuwa kwenye chuma, na meneja alikuwa ananisubiri.

Mzee Salehe alikuja mwenyewe kabla sijamfuata. Nadhani Tatu alimwambia, au aliona springi iliyopinda juu ya meza na kuisoma kama nilivyoisoma mimi. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, akaisogeza ile springi kwa kidole.

“Hii ukiikata,” akasema, “kama koili tatu hivi, itakuwaje?”

Nikamweleza kama ningemweleza fundi mwenzangu. Mtutu utashuka hata kwa mkono wa kushoto. Lakini nguvu itakuwa nusu, na kunguru atapigwa bila kufa.

“Hawa hawapimi nguvu, mwanangu. Wananijua. Wakinisikia tu wanaondoka. Mimi nahitaji mlio.”

Kwa kunguru hakuwa amekosea. Nikaikata, nikazichoma ncha zikae sawa, nikaifunga na grisi. Akaikoki palepale kwa mkono wa kushoto, polepole, ikakamata. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyelipwa deni dogo. Meneja nilimwambia bado naichunguza, na ilikuwa kweli. Sijajuta kuikata. Lilikuwa jaribio lenye sababu, na mwenye kujaribu alikuwa anajua anachojaribu.

Mlio ulitosha kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja kunguru akaingia kwa wavu uliochanika, akatoka na kifaranga, akatua kwenye uzio hatua chache kutoka kwa mzee. Naye alipiga, kwa mazoea ya miaka yote ile. Nilikuwa juu ya tangi la maji nikibadilisha boya, kwa hiyo niliona kila kitu. Kunguru alianguka akiwa hai. Bawa moja lilikuwa limevunjika, na alilia kwa sauti ambayo wale ndege wanayo kwa ajili ya jambo hilo tu. Wenzake wakaja. Walikuja kutoka kwenye mikorosho iliyobaki, kutoka kwenye paa za nyumba mpya, kutoka ufukweni, mpaka anga juu ya mabanda ikawa nyeusi na watu hatusikilizani kwa kelele. Wanawake wakatoka mabandani kutazama, na Tatu akiwa nao.

Mzee alitaka kumaliza haraka. Akaukamata mtutu, bega likamsaliti, mkono wa kushoto ukateleza. Hata ile springi iliyokatwa ikamshinda mbele ya macho yote yale. Hatimaye aliiweka bunduki chini, akavua kofia yake, akamfunika kunguru kwa kofia, akapiga magoti, akamaliza kwa mikono. Ilichukua muda. Kunguru wa juu walimshukia kichwani, na hakuna aliyesogea kumsaidia, kwa sababu kumsaidia kungekuwa kusema kwamba hawezi.

Mchana alikuja karakana. Kichwani hakuwa na kofia, na juu ya sikio palikuwa na mchubuko.

“Irudishie springi yake,” akasema. “Ile mpya, nzima.”

Nilifanya kazi hiyo naye ameketi pale. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa. Akasimama, akaweka kitako tumboni, akauvuta mtutu mbele yangu, kwa mara ya kwanza bila kujificha. Ulifika nusu. Akapumua, akavuta tena, ukafika nusu ileile. Akaulegeza taratibu asije akaumia, akailaza bunduki mezani.

“Mwambie meneja ni nzima.”

Nikamwambia ninaweza kusema bomba limechubuka ndani, na nisiwe nimedanganya sana. Kila bomba la umri ule limechubuka. Watanunua nyingine, na itapita miezi kabla haijafika na kibali chake.

“Halafu ikifika?” akaniuliza. “Wataniita ofisini. Watu wote watakuwepo, wanapenda kitu kipya. Meneja atasema, haya mzee wetu, ikoki tuone.” Alinitazama. “Ndicho unachonitakia?”

Akaniambia, “Kijana wangu, una mkono mwema,” akatoka, akapita mlango wa mbele, ambako kunguru walikuwa wanamsubiri.

Meneja alikuja jioni ile kabla ya kufunga. Aliinua bunduki, akaikoki kwa urahisi, akaitazama, akairudisha.

“Kwa hiyo?”

“Bunduki haina tatizo,” nikasema.

“Una uhakika?”

“Nimeipima.”

Akanishukuru. Akasema ndiyo maana anaipenda karakana, ukiuliza unapewa jibu. Ijumaa iliyofuata nililetewa kazi ya kubadilisha kitasa cha chumba kile cha mzee nyuma ya stoo ya chakula. Nilikitoa, nikakikagua mezani kwa mazoea tu. Kitasa kilikuwa kizima.